Tusi la Kunyanyulia

Kama hujawahi kupandisha friji la milango miwili hadi ghorofa ya tatu, kaa chini kwanza usikilize, maana utamlaumu Winchi bure.

Winchi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wabebaji wenzake, kwa sababu alikuwa akinyanyua vitu ambavyo wanaume wazima walivizunguka mara mbili mbili wakikuna vichwa. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mpana wa mabega, na sauti ya kumwamsha jirani wa mtaa wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kampuni ya kuhamisha watu nyumba, na sasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha watu watatu: yeye mwenyewe, Shemeji yake ambaye ni mdogo wa mume wake, na jamaa mmoja aliyeitwa Mrefu, na ukimwona huulizi kwa nini.

Kikosi hicho kilikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wenzao huhesabu moja, mbili, tatu. Winchi hakutaka hata kuisikia hiyo. Katika kila watu watatu, alisema, yupo anayenyanyua kwenye tatu, yupo anayengoja tatu iishe, na yupo wa katikati anayekwenda kulala hospitali. Yeye alikuwa akiutukana mzigo. Akivuta ile "Weweee" yake, kila mtu alikunja magoti na kushika pake. Kisha likaja tusi, na pale tusi lilipotoka mdomoni ndipo mzigo ulipopaa. "Weweee... baradhuli!" na friji limeshapanda ngazi mbili. "Weweee... zumbukuku!" na limefika kwenye kona. Hakurudia tusi moja mara mbili kwa siku moja, kwa sababu mwili, alisema, ukishalizoea neno hautii tena bidii.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa ovyo. Winchi alikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa moja: mzigo unatukanwa, mtu hatukanwi. Kulikuwa na mbebaji mmoja, hodari kama trekta, ambaye siku moja alimwita mteja mjinga, tena kwa sauti ya chini tu. Winchi mwenyewe ndiye aliyemteremsha kwenye lori njiani na kumwambia asirudi. Na nyumbani kwake, ukivua viatu mlangoni, unavua na mdomo. Mume wake hakuwahi kusikia kutoka kwake neno zito kuliko "hebu toka hapo." Wanawe walipokuwa wadogo walifikiri mama yao anafanya kazi maktaba.

Lakini wateja hawaijui sheria. Wateja wanasikia tu. Bwana mmoja alikuwa amekaa na wageni wa heshima sebuleni wakati sofa lake likiitwa mwanaharamu mlangoni. Mama mwingine aliona kitanda chake cha harusi kikiambiwa maneno ambayo, alisema, hata mama mkwe wake hajafikia. Wote wawili walipiga simu ofisini.

Bosi hakuwa mtu mbaya, ila simu ilimtisha. Simu ikilia, jasho linamtoka kabla hajaishika. Alimwita Winchi ofisini, akamkalisha, akamweleza kwa upole ambao ulimtia Winchi hofu kuliko makelele. Alisema lalamiko moja tena, moja tu, na ngazi kwake basi. Angekuja kukaa hapo mezani, chini ya feni, apokee simu na kusema "karibu, tukusaidie nini" mpaka siku ya kustaafu.

Mwingine angeshangilia. Kiti, feni, chai saa nne. Lakini si Winchi. Alizipenda ngazi, jamani. Alipenda ule wakati mzigo unapokaza kama punda, kisha ghafla unakubali, na watu watatu mnacheka mkiwa mmelowa jasho. Alipenda kuingia kwenye nyumba tupu na kuiacha ikiwa nyumba ya mtu. Kukaa kitako kutwa nzima akisemezana na waya, afadhali wamfukuze kabisa.

Basi akala kiapo mbele ya Bosi. Na Bosi, kwa kuwa aliona kiapo hakitoshi, akawaita Shemeji na Mrefu, akawafanyisha wote mazoezi. Watu wazima watatu walishika kiti cha ofisini na kukinyanyua mara kumi na mbili kwa kusema "Tafadhali, tunyanyue." Kiti kilinyanyuka vizuri kabisa. Hata mtoto wa chekechea angekinyanyua. Ndipo Bosi akawaambia kuhusu mteja wa kesho yake: mwalimu mkuu mstaafu, mjane, aliyepiga simu mara tatu kabla ya kukubali kuhamishwa. Hakuuliza bei, hakuuliza bima ya vyombo. Mara zote tatu aliuliza jambo moja, kama wabebaji wanatukana. Bosi alikuwa amemhakikishia kuwa hawajui hata tusi moja.

Asubuhi yake walimkuta amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma, kama anayengoja wanafunzi waliochelewa. Mwanamama wa miaka sitini na sita, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Winchi alimsalimu shikamoo Mwalimu, na Shemeji na Mrefu wakafuata kwa kunyenyekea hata wakainamisha vichwa. Mwalimu aliwakagua viatu, akawakagua kucha, nusura awaulize daftari. Kisha akasema kwamba nyumba yake, tangu alipobaki peke yake, haijaingia neno chafu, na ile anayohamia haitafunguliwa kwa neno chafu. Alisema hivyo bila ukali. Winchi alijibu ndiyo Mwalimu, na moyoni akajisemea kuwa leo ataishi kwa neema.

Vitu vilikuwa vichache na vimefungwa kwa adabu. Maboksi ya vitabu, kitanda, meza, jiko, viti vinne. Saa mbili na nusu lori lilikuwa limejaa nusu na Winchi ameanza kujipa moyo. Ndipo Mwalimu alipofungua chumba cha mwisho.

Loo. Kabati gani lile. Lilikuwa la mbao nyeusi, refu kuliko Mrefu, lenye miguu iliyochongwa na mlango mmoja wa kioo kutoka juu hadi chini. Fundi aliyelitengeneza hakutumia hata skrubu moja, kila kiungo kimeumana na mwenzake, hivyo halikufunguka vipande. Shemeji alilisukuma kwa bega, likakataa hata kutikisika. Alimtazama Winchi, Winchi akatazama dari. Mwalimu alieleza kuwa lilikuwa la marehemu mume wake na kwamba wanawe walisema ni kumbukumbu ya baba, lisiuzwe. Alieleza hayo akiwa amesimama nje ya chumba, wala hakuingia.

Walikifunga kioo kwa blanketi, wakalitoa nje kwa kulisukuma juu ya mazulia, maana nyumba ile haikuwa na ngazi, wakalipakia kwa ubao na kamba. Hadi hapo hakuna aliyehitaji kusema chochote, ukiacha "huku" na "kule." Nyumba mpya ilikuwa mwendo wa robo saa. Ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "imeharibika," na karatasi yenyewe ilishageuka rangi kwa uzee.

Walipandisha kwanza vitu vyote vidogo. Mwalimu alipanda navyo, akakaa huko juu kupanga vitabu, mlango wazi. Likabaki kabati, limesimama chini ya ngazi kama mgeni asiyetaka kuondoka. Walijifunga mikanda ya kubebea. Mrefu alikaa juu, akivuta. Shemeji na Winchi walikaa chini, wakisukuma.

"Tafadhali," alisema Winchi, "tunyanyue."

Mrefu alinyanyua kwenye tafadhali. Shemeji alingoja tunyanyue iishe. Winchi alikuwa katikati, na kabati lilimlalia begani likakaa hapo kama limefika nyumbani. Walijaribu tena, likapanda ngazi moja. Wakajaribu tena, likapanda moja na kushuka nusu. Hakuna neno linalochosha kama tafadhali likiambiwa kitu kisicho na masikio. Halikuwatia hasira, halikuwachekesha, halikuwapa hata sekunde ya kunyanyulia. Kufika ghorofa ya kwanza ilichukua muda ambao siku nyingine wangekuwa wameshamaliza na kunawa mikono. Shemeji alikuwa amebanwa kidole na anakinyonya kama mtoto. Mrefu alianza kunong'ona kwamba labda waseme kidogo tu, polepole, Mwalimu asisikie. Winchi akamkata jicho.

Kusema kweli naye ulimi ulikuwa unamwasha. Matusi yalimjaa mdomoni, yamepangana, mapya kabisa, matusi ya daraja la kwanza ambayo kabati lile lilistahili kila moja. Akayameza. Kila alipoyameza aliiona ile meza, ile feni, ile simu. Tafadhali, tunyanyue. Tafadhali, tunyanyue. Ghorofa ya pili ikapita, na kwenye mlango mmoja pua ya mama mmoja ilichungulia, ikaridhika, ikarudi ndani.

Mambo yalikwenda kombo kwenye kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Pale ngazi zinageuka, na kabati lilitakiwa lisimame wima, ligeuzwe, kisha lilazwe tena. Winchi alihamia ubavuni kuligeuza. Alisema tafadhali. Mrefu, kwa kuogopa kuchelewa, akanyanyua mapema mno, mkanda ukamteleza mkononi, na uzito wote ukashuka kwa Shemeji. Kabati lilimsukuma hadi ukutani na kumbana kifuani. Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia. Macho yalimtoka, mdomo ukafunguka, na hakikutoka kitu.

Meza, feni, simu, vyote vilimtoka Winchi kichwani. Alimwona mdogo wa mume wake anageuka rangi. Alishika chini ya kabati kwa mikono miwili.

"Weweee..."

Mrefu alikunja magoti papo hapo. Hata Shemeji, aliyebanwa kama alivyobanwa, viganja vyake vilitafuta pa kushika.

"...mwanaharamu gumegume mkubwa!"

Na kabati likapaa. Nakwambia lilipaa kama limeitwa kwa jina lake. Shemeji alichomoka chini yake, akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyerudi kutoka mbali. Winchi, kwa sababu mdomo ulishafunguka na haukuwa tayari kufungwa, aliendelea. Alilipa kabati tusi la baradhuli, likageuka. Akalipa la kinyangarika, likalala kwenye pembe yake. Akalipa la hayawani asiye na soni, likapanda ngazi tano mfululizo na kutulia kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu. Watatu walikuwa wanahema na kutabasamu kama watu walioshinda mechi.

Ndipo wakainua macho. Mwalimu alikuwa amesimama ngazi kadhaa juu yao, kitabu mkononi.

Tabasamu lilimfia Winchi usoni. Shemeji aliacha kucheka, Mrefu akatafuta mahali pa kuficha kimo chake asipate. Winchi alijua kwamba kazi yake ya miaka kumi na tisa imeishia pale, kwenye kibaraza chenye ndoo ya mtu na ufagio. Alijuta, lakini alipomtazama Shemeji anavyopumua, aliona hata wangeirudia siku angefanya vilevile.

"Nani amesema maneno hayo?" aliuliza Mwalimu.

"Mimi, Mwalimu."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Kabati."

Mwalimu alishuka ngazi mbili. Alimgeukia Shemeji, akamtazama vizuri kama anayetafuta alama za kipigo.

"Hakukuambia wewe?"

Shemeji alisema hapana. Alisema ni mwaka wa kumi na moja anabeba na shemeji yake huyu, naye Winchi hajawahi kumwita jina lolote isipokuwa bwana shemeji. Alisema kabati lilikuwa limembana, na tusi ndilo lililomtoa. Mrefu naye akaongeza, kwa sauti nyembamba, kwamba huwa hawatukani watu, Mwalimu, ni mizigo tu, na mizigo yenyewe haijawahi kulalamika. Winchi alitamani ampige teke.

Mwalimu alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Alikaa kwenye ngazi, akakaa kabisa, sketi yake safi juu ya vumbi. Kisha akawaeleza, bila kuwatazama, akilitazama lile blanketi lililofunika kioo. Alisema mume wake alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anayesifiwa kila mahali. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo hicho akifunga tai, na kila asubuhi alimtukana. Chai ya moto, chai ya baridi, shati, mtoto, chumvi, chochote. Wala hakugeuka kumtazama. Alimtukana kwa kupitia kioo, tai ikikaa sawa, kisha akaenda kazini akipiga mluzi. Miaka thelathini na minne. Naye akaenda shuleni kuwafundisha watoto wa watu kusema asante na samahani.

"Sikujua kuwa tusi linaweza kumtoa mtu ukutani," alisema. "Mimi nimelijua linamweka huko."

Winchi alihisi hasira, hasira yenyewe hasa, si ile ya kazi. Akaketi ngazi ya chini yake na kusema pole sana, Mwalimu. Akaomba radhi kwa maneno yaliyomfikia masikioni, akasema kama angejua, kabati lile angelikata kwa shoka kule kule chini. Mwalimu alitikisa kichwa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliuliza kama ni lazima awe Winchi anayesema, au mtu mwingine anaruhusiwa.

Wabebaji walitazamana. Winchi alimweleza utaratibu kama anayemfundisha fundi mpya: kwanza "Weweee," ndefu, watu washike. Kisha tusi, fupi na zito, litoke lote kwa mkupuo, usilimung'unye. Halafu lisirudiwe. Mwalimu alisikiliza kwa makini, akasimama, akajikung'uta sketi. Wabebaji wakashika pao.

"Weweee," alisema Mwalimu, "mtoro!"

Shemeji alitoa sauti ya ajabu puani. Lakini ile sauti ya Mwalimu, sauti iliyosimamisha mistari ya watoto mia saba kila asubuhi, haikuacha nafasi ya kuchelewa. Watatu walinyanyua kwa pamoja bila kufikiri, na kabati likapanda ngazi mbili. Mwalimu aliona. Rangi ilimpanda mashavuni.

"Weweee... mzembe!"

Ngazi mbili tena.

"Weweee... mvivu usiyefanya kazi ya nyumbani!"

Hilo lilikuwa refu mno na Mrefu alicheka katikati, wakapata ngazi moja tu. Winchi alimkumbusha, fupi Mwalimu, fupi na zito. Mwalimu akatulia. Akafumba macho. Alipoyafumbua alisema tusi ambalo hakulitoa kwenye ripoti za shule, na Winchi, mtaalamu wa miaka kumi na tisa, alijua mara moja kwamba hilo halikutungwa pale. Lilikuwa limetumika. Lilikuwa ni mojawapo ya yale ya kwenye kioo. Kabati lilipanda ngazi tatu.

Akasema la pili, la tatu. Mwanzoni sauti ilimtetemeka, kisha ikanyooka, kisha ikaanza kufurahia. Aliyarudisha yote alikoyapokea, moja baada ya jingine, hakurudia hata moja, na kila lilipotoka alisogea ngazi ya juu na kuwangoja. Nywele zilimchomoka kwenye kibanio. Milango ilifunguka chini na juu, watu wakatoka na taulo mabegani na miiko mikononi, na mzee mmoja wa ghorofa ya tatu alibeba kiti akaja kukaa. Wabebaji walikuwa wamelowa, mikono inawaka, na wanacheka hata machozi. Winchi hakuwahi kubeba hivyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ananyanyua kwa neno la mtu mwingine, na neno lenyewe lilikuwa zuri kuliko lake.

Zilibaki ngazi saba, kabati likiwa limeegemea kifua cha Winchi, ndipo simu ikalia mfukoni mwa ovaroli yake. Alijua ni nani hata bila kuitazama. Namba ya kampuni imeandikwa ubavuni mwa lori kwa herufi kubwa kama madirisha, na ile pua ya ghorofa ya pili ilikuwa na mikono ya kupigia simu. Simu ikakata, ikalia tena. Mwalimu, bila kuomba, akaingiza mkono mfukoni mwa Winchi, akaitoa, akaipokea.

Sauti ya Bosi ilisikika ngazi nzima, hakuna haja ya kutega sikio. Winchi, alisema, nilikwambia nini? Kuna mama amenipigia analia, anasema kuna mwanamke anatukana hapo jengo zima linatikisika, anasema hajasikia matusi kama hayo tangu azaliwe. Ulikula kiapo, Winchi. Umeniambia nini jana? Na yule mwalimu wa watu ameshasikia? Rudi ofisini sasa hivi, kiti chako kiko tayari.

Mwalimu alingoja amalize. Alivaa miwani kwanza.

"Mwanamke huyo ni mimi," alisema.

Bosi aliuliza ni nani.

"Mteja wako. Ndiyo, huyo huyo mwalimu. Wafanyakazi wako wameshika mzigo na wana adabu zao, hasa huyu kiongozi wao. Usimguse. Matusi hayo yote ni ya kwangu, nilikuwa nimeyawekewa kwa miaka thelathini na minne, na mwambie huyo mama asifunge mlango kwa sababu bado yapo."

Bosi alisema kitu kidogo, kitu kama "sawa Mwalimu," kwa sauti ya mtoto aliyekutwa uwanjani kengele imeshalia. Mwalimu aliizima simu na kuirudisha mfukoni mwa Winchi, akaupigapiga mfuko kidogo kuhakikisha imekaa. Winchi alitaka kumshukuru. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Usilie, mwanangu, utaliachia," alisema Mwalimu. Alipanda hadi mlangoni kwake, akausukuma mlango ukawa wazi wote, akageuka, akaweka mikono nyuma.

"Weweee," alianza, na ngazi nzima, chini hadi juu, watu na taulo zao na miiko yao, wakakunja magoti.